Maji ya Hombolo ni ya kutazama, ya Makutupora ni ya kunywa

Dodoma. Mtoto anayekulia Dodoma hana bahari. Akitaka kuona maji mengi kwa wakati mmoja, wazazi humpeleka Hombolo, kiasi cha kilomita 40 kaskazini mashariki mwa jiji.

Safari ni fupi. Gari hufuata barabara ya Morogoro hadi Ihumwa, kisha hukata kushoto. Mibuyu na mashamba ya zabibu husindikiza njia, halafu bwawa hujitokeza, pana na tulivu, upepo ukipunguza makali ya jua. Wavuvi hutoa perege na kambale, ng'ombe hushuka kunywa na wakulima huchota ya kumwagilia.

Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1957. Kila masika mito ya msimu hulimwagia maji pamoja na tope, na jua la Dodoma huyakausha hadi kubaki na chumvi. Ni mahali pazuri pa kupiga picha na kula samaki wa kukaanga.

Shida huanza mtoto anapovua viatu.

Maji matamu yaliyotulia, yenye majani kandokando, ni makazi ya konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi jua la mchana likiwa kali, saa zilezile ambazo familia nyingi hufika, na hupenya ngozi bila kidonda. Mtoto hahitaji kunywa maji hayo. Kusimama humo tu kunatosha.

Dalili huweza kuchelewa kwa wiki au miezi: kuwashwa, maumivu wakati wa kukojoa, kisha damu kwenye mkojo. Kwa msichana, damu hiyo inaweza kudhaniwa ni hedhi, na tiba ikachelewa. Mzazi amweleze daktari kwamba mtoto aliingia bwawani. Dawa ipo, prazikwanteli, ambayo pia hutolewa shuleni katika kampeni za Wizara ya Afya. Mtoto ale kwanza kabla ya kuimeza.

Sheria nayo ina neno lake pale ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye bwawa, mto au ziwa. Mita hizo ni kinga. Choo au shamba likisogea hadi majini, mkojo, kinyesi na tope hufuata, na kichocho huendelea kuzunguka kutoka kwa binadamu kwenda kwa konokono na kurudi.

Maji mengine ya Dodoma hayaonekani. Yako Makutupora, kaskazini mwa jiji kwa barabara ya Kondoa. Hapo mgeni ataona tambarare, vichaka na visima virefu vyenye pampu. Kwa miaka mingi visima hivyo ndivyo vimekuwa tegemeo kuu la jiji.

Kina cha maji ya Makutupora kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, rekodi ndefu ambayo ni adimu Afrika. Vipimo vinaonyesha kwamba mvua za kawaida huongeza kidogo tu. Hazina hiyo hujazwa hasa na mvua kubwa zinazokuja mara chache, kama zile za El-Nino za mwaka 1997/98. Katikati yake, jiji hunywa akiba.

Na wanywaji wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya mwaka 2022, baada ya serikali kuhamia, ilihesabu 765,179 jijini.

Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka maji yote, hata yaliyo chini ya kiwanja cha mtu, mikononi mwa umma. Anayetaka kuchimba kisima kirefu huomba kibali kwa bodi ya maji ya bonde. Kwa Makutupora na Hombolo, bodi hiyo ni ya Wami/Ruvu.

Kibali kinaweza kuonekana usumbufu kwa familia yenye haraka ya maji. Lakini kisima kikichimbwa karibu na shimo la choo, uchafu huweza kuingia humo bila kubadili rangi wala ladha. Kuchemsha huua vijidudu, ila hakuondoi naitreti, ambayo ni hatari kwa kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Maji ya kisima kipya yapelekwe maabara kabla ya kuingia jikoni.

Jioni gari likirudi mjini, mtoto huogeshwa vumbi la Hombolo kwa ndoo ya maji ya bomba. Huenda maji hayo yalinyesha kama mvua Makutupora kabla hajazaliwa.