Sungura Hafi kwa Kuwa ni Sungura

Nilipoanza kazi ya uuguzi wa wanyama hapa Uingereza, nilipokelewa na usemi mmoja: sungura haiwezi nusukaputi. Akifa mezani, au saa chache baada ya kushonwa, watu walihuzunika, wakampigia simu mwenyewe, wakasema ndivyo alivyoumbwa. Nami niliusadiki usemi huo. Leo siusadiki tena.

Hatari ipo, na si ndogo. Utafiti mkubwa uliofanyika katika kliniki za Uingereza kati ya 2002 na 2004 ulionyesha kuwa hufa sungura 1 katika kila 72 hivi wanaopewa nusukaputi au dawa za kutuliza. Kwa mbwa ni 1 katika 600. Tena vifo vingi vya sungura vilitokea baada ya upasuaji, wakati kila mtu anadhani kazi imekwisha.

Aliyenibadilisha ni jike wa kilo mbili aliyekuja kuondolewa kizazi, maana sungura jike akizeeka na kizazi chake hupata saratani kwa wingi. Daktari aliyekuwa zamu alitaka tupime gesi za damu. Tulikwisha kumpaka dawa ya ganzi sikioni na kumnyoa manyoya. Mshipa wa pembeni mwa sikio tuliuwekea dripu. Ule wa ateri, unaopita katikati na kudunda ukiugusa, tuliuingizia kanula nyembamba.

Upasuaji ulipokuwa katikati, kifaa kilichobanwa ulimini kilisoma oksijeni asilimia 99. Mnyama alikuwa ametulia. Nikavuta damu kidogo kwa sindano yenye heparini, nikatoa mapovu yote kwa kuwa hewa ya chumbani huharibu majibu, nikaitia kwenye mashine ya mkononi. Baada ya dakika chache majibu yakaja: kabonidioksidi milimita 68 za zebaki, karibu mara mbili ya inavyotakiwa, na pH 7.17. Damu ilikuwa imejaa asidi, na hakuna aliyeweza kuliona hilo kwa macho.

Daktari alinieleza sababu huku mikono yake ikiendelea na kazi. Mnyama anayevutishwa oksijeni tupu huweza kuwa na damu nyekundu safi hata kama anapumua kidogo mno. Kabonidioksidi haitoki hivyo. Hutoka hewa inapoingia na kutoka mapafuni. Kifua cha sungura ni kidogo, na akilazwa chali, utumbo wake mpana uliojaa chakula huelemea kiwambo, huku dawa ya usingizi ikizidi kudhoofisha pumzi.

Tukainua upande wa kifua, tukapunguza dawa, nikaanza kumsaidia kupumua kwa kuminya mfuko taratibu. Kipimo cha pili kilisoma 44. Kanula ilipotolewa nililibana sikio kwa dakika kadhaa, kwa sababu damu ikivilia pale ngozi ya sikio huweza kufa. Jioni ile alikuwa anatafuna nyasi, na sungura anayekula baada ya upasuaji ni sungura mwenye matumaini.

Tangu hapo nimejifunza pia kwamba hata kifaa kinachopima kabonidioksidi kwenye pumzi huweza kusoma pungufu kwa mnyama mwenye pumzi ndogo kama sungura. Ni msaada mkubwa, lakini damu ya ateri ndiyo yenye neno la mwisho.

Wenzangu mnaofanya kazi hii, hapa na nyumbani, najua mashine hizi ni ghali na si kila kliniki inazo. Basi oksijeni iwepo, kifua kiinuliwe, pumzi zihesabiwe, joto lilindwe, na mtu mmoja asimwache mpaka aamke na kula. Na wewe unayempeleka sungura wako kupasuliwa, uliza nani atakayesimamia pumzi yake na kwa kipimo gani. Una haki ya kujibiwa kabla hujamwacha pale.