Ruzuku na Daftari la Kijiji

Nilipoajiriwa ukarani wa mipango katika mkoa mmoja wa pwani ya Tanzania, halmashauri za wilaya zilikuwa zimekwisha kuvunjwa mwaka 1972 kwa utaratibu wa Madaraka Mikoani, uliohamishia kazi zao kwenye ofisi za serikali kuu mikoani na wilayani, na mikoa mingi ikawa na wahisani wake, kama Tanga ilivyosaidiwa na Ujerumani ya Magharibi. Walitujia wataalamu wenye elimu na nia njema, lakini aghalabu walifika kijijini ramani ikiwa imekwisha kuchorwa, wakawaarifu wazee kisima kitachimbwa wapi. Wazee waliitikia kwa adabu. Pampu ilipoharibika waliileta habari ofisini kwetu, kwani hapana aliyeihesabu kuwa mali yake.

Halmashauri zilirudi mwaka 1984, hazina zikiwa tupu.

Mageuzi yalianza TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilipoasisiwa mwaka 2000, ikawataka wanakijiji wenyewe wakutane, wachague mradi, wateue kamati, wafungue akaunti, na watoe sehemu yao kwa mchanga, mawe na nguvu za mikono. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, halmashauri zilizidi kuitegemea serikali kuu, na ruzuku ya maendeleo iliyoanza mwaka wa fedha 2004/2005 ikaja na masharti yasiyo na muhali: hesabu ziwe sahihi, mpango uwe umepitishwa na madiwani, mihtasari ya vikao iwepo, na halmashauri iliyoshindwa ilikosa fungu la ujenzi.

Wenzangu wengi waliyaona masharti hayo kuwa adha, ilhali mimi nayashukuru kuliko fedha zenyewe, kwa kuwa kwa ajili yake mtendaji wa kijiji alipolazimika kubandika mapato na matumizi ubaoni, nilimwona mama muuza dagaa akisimama mkutanoni na kuuliza mbona saruji iliyoandikwa hailingani na ukuta aliouona, na mwenyekiti akafungua daftari mbele ya watu wote ili amjibu.

Linaloniuma ni kwamba vijiji vilitambua upesi mradi gani hupata fedha. Nimeketi mikutanoni ambamo watu walizungumza asubuhi nzima juu ya njia ya kupitishia nazi zao, kisha wakaomba darasa, na njia ile isitajwe hata katika muhtasari. Rai yangu kwa vijana waliorithi meza zetu ni kuyaandika yote mawili, linaloombewa ruzuku na linalohitajiwa, ili fungu jingine likitokea, haja ile iwe tayari imo kitabuni.