Vijana Waliopita Omaha

Ushindi wa Kansas City Royals wa mwaka 2015 nimeusimulia mara nyingi, na kila nikiusimulia huanza mahali ambapo wengine hawaanzi. Wao huanza New York, kwenye uwanja wa Mets, usiku wa tarehe 1 Novemba, timu yetu ilipotwaa tena ubingwa wa beziboli baada ya kuukosa kwa miaka thelathini. Mimi huanza Omaha, Nebraska, mji ninaoishi, ulio kama kilomita 300 kutoka Kansas City.

Msomaji aliyelelewa na kandanda kama mimi anahitaji maelezo kidogo. Timu kubwa ya beziboli haisimami peke yake. Chini yake kuna timu nyingine, ngazi baada ya ngazi, katika miji midogo, na vijana hupanda na kushuka ngazi hizo kwa miaka kadhaa kabla ya kuitwa juu. Wengi hawaitwi kabisa. Wamarekani wenyewe huuita mpango huo shamba, na mtu aliyekulia Muheza hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Ngazi ya mwisho kabla ya timu kubwa ndiyo hii ya Omaha, iliyo chini ya Royals tangu mwaka 1969, mwaka ule ule Royals yenyewe ilipoanza kucheza. Siku hizi inaitwa Storm Chasers, na uwanja wake uko Papillion, nje kidogo ya mji. Huko mtu hukaa karibu na wachezaji hata akasikia mdakaji akinung'unika juu ya maamuzi ya mwamuzi.

Alex Gordon ni mzaliwa wa Lincoln, si mbali na hapa. Mwaka 2005 alichaguliwa wa pili kati ya vijana wote wa Marekani, na watu wakamtwika matumaini ya mji mzima. Akashindwa. Mwaka 2010 akarudishwa Omaha, akanyang'anywa nafasi yake ya kituo cha tatu, akafundishwa upya kucheza pembeni kushoto. Kwa mtu wa sifa zake ile ilikuwa fedheha. Mike Moustakas naye aliletwa huku Mei 2014, mpira ukiwa umemkataa kabisa. Alikaa siku chache tu, na Oktoba ya mwaka huo huo akawa miongoni mwa waliotupeleka fainali. Fainali hiyo tuliipoteza kwa San Francisco katika mechi ya saba, 3 kwa 2, Gordon akiwa amesimama kituo cha tatu, hatua chache tu kabla ya kusawazisha. Majonzi ya usiku ule sitaki kuyaeleza zaidi.

Basi mwaka 2015 tukarudi. Katika mechi ya kwanza ya fainali tulikuwa nyuma kwa pointi moja katika kipindi cha tisa, ambacho kwa kawaida ndicho cha mwisho, ndipo Gordon akaupiga mpira ukavuka ukuta. Tukashinda katika kipindi cha kumi na nne. Yule yule aliyekuwa akijifunza upya kudaka mpira mbele yetu.

Lakini anayenigusa zaidi ni Christian Colon. Royals walimchagua wa nne mwaka 2010. Aliyemtangulia katika orodha ile alikuwa Manny Machado, na Chris Sale alichaguliwa wa kumi na tatu. Hao wawili wakawa nyota, naye Colon akawa mtu wa kwenda na kurudi Omaha, mzuri kiasi, asiye na nafasi ya kudumu. Watu walimtaja kama mfano wa chaguo lililopotea. Kwenye michuano ya mwisho wa mwaka 2015 alikaa benchi wiki baada ya wiki, hakupiga mpira hata mara moja. Katika mechi ya tano ya fainali, Mets waliongoza 2 kwa 0 hadi kipindi cha tisa. Vijana wetu wakasawazisha, mchezo ukaendelea mpaka kipindi cha kumi na mbili. Salvador Perez akafika kituo cha kwanza, na kwa kuwa hana mbio, nafasi yake akapewa Jarrod Dyson akimbie. Dyson akachomoka, akakiiba kituo cha pili, kisha akasogea cha tatu. Hapo ndipo Colon alipoitwa. Akaupiga mpira ukaangukia kushoto, Dyson akafika nyumbani. Mwisho wa yote 7 kwa 2. Hapa Omaha ilikuwa kama saa tano na nusu usiku, na jirani zangu hawakulala mapema.

Dyson alichaguliwa mwaka 2006 katika raundi ya 50. Tangu mwaka 2021 raundi za uchaguzi ni 20 tu; kijana wa aina yake leo asingechaguliwa.

Nimefika kwenye jambo ambalo mimi na rafiki yangu mmoja, Mkongo wa Bukavu tuliyezoeana hapa Omaha, hatujakubaliana mpaka leo. Ushindi ule ulilipiwa. Mwishoni mwa Julai 2015, katika siku mbili tatu hivi, Royals waliwatoa warushaji vijana watano, wanne kati yao wa mkono wa kushoto, wakapata Johnny Cueto kutoka Cincinnati na Ben Zobrist kutoka Oakland. Mikataba ya wote wawili ilikuwa inakwisha mwaka huo huo. Fainali ilipomalizika wakaenda zao.

"Vijana watano kwa miezi mitatu, ndugu yangu," huniambia. "Umeuza ng'ombe ili unywe maziwa mara moja."

Mmoja wa vijana hao, Brandon Finnegan, alikuwa mchezaji wa mwanangu. Juni 2014 nilimpeleka kuona mashindano ya vyuo vikuu, ambayo fainali zake huchezwa hapa Omaha kila mwaka, na Finnegan alikuwa akirusha. Royals walikwisha kumchagua mwezi huo huo. Oktoba akawa mchezaji wa kwanza katika historia kurusha mpira katika fainali za vyuo na katika fainali ya ligi kuu ndani ya mwaka mmoja. Mwanangu, wakati huo ana miaka tisa, alidhani yeye ndiye aliyemgundua. Habari za kubadilishwa zilipotangazwa, aliniuliza, "Baba, kwani amekosa nini?" Nilimwambia hakukosa kitu, wamemtaka kwa sababu ni mzuri. Jibu lile lilikuwa la kweli, na halikumsaidia hata kidogo.

Hata hivyo nashikilia kwamba ilikuwa haki kuwatoa. Cueto ndiye aliyewazima Houston katika mechi ambayo tungefungwa tungerudi nyumbani, akaruhusu mapigo mawili tu katika vipindi vinane. Kwenye fainali akarusha mechi ya pili nzima, mapigo mawili tena. Na vijana waliokomaa Omaha hawangekaa daima: mikataba ya Eric Hosmer, Moustakas na Lorenzo Cain ilikwisha baada ya msimu wa 2017. Embe likishaiva halingoji mwakani. Isitoshe, kati ya wale watatu waliopelekwa Cincinnati hakuna aliyekuja kuwa nguzo huko; Finnegan mwenyewe aliumia bega mwaka 2017 na hakurudi kuwa yule wa awali. Aliyestawi ni Sean Manaea wa Oakland, ambaye tarehe 21 Aprili 2018 aliwanyima Boston hata pigo moja katika mechi nzima. Siku hiyo rafiki yangu alinipigia simu, akacheka tu, hakusema neno.

Njaa ilikuja kweli, sikatai. Royals walipoteza mechi 104 mwaka 2018, na 103 mwaka uliofuata. Ila katika mchezo huu wanaofanya vibaya hupewa nafasi ya mbele kuchagua, na kwa sababu ya aibu ile ya 2018 tukachagua wa pili mwaka 2019, tukampata Bobby Witt Jr. Naye alipita Omaha, mwaka 2021. Timu ikazama tena, ikapoteza mechi 106 mwaka 2023, kisha mwaka 2024 ikashinda 86, Witt akaongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga. Tuliwatoa Baltimore kwa mechi mbili, na katika zote mbili pointi ya ushindi ilitokana na pigo lake. Yankees wakatusimamisha. Rafiki yangu akasema ni miaka tisa ya kungoja. Nikamwambia tulikwisha kungoja thelathini.

Bado naenda Papillion. Tangu mkataba wa 2023 mchezaji wa ngazi ile hapati chini ya dola 35,800 kwa mwaka. Kabla yake kima cha chini kilikuwa 17,500, na kuna waliokuwa wakifanya kazi ya pili miezi ya baridi. Mtu anayeujua uwanja hujua pia mwito unavyokuja. Katikati ya mchezo, bila jeraha wala kosa, kijana hutolewa. Unawaona wenzake bendini wakimkumbatia mmoja mmoja, kocha akimpigapiga begani. Hakuna tangazo lolote, lakini sisi wa viti vya nyuma husimama tukapiga makofi, kwa kuwa kesho atakuwa Kansas City. Kisha tunakaa, na kabla mpira mwingine haujarushwa tumeanza kubishana ni nani wa Kansas City atakayerudishwa huku.