Kuchagua Msafu wa Kupanda Nyumbani

Vitabu vya bustani vya Ulaya husifu sana kichaka ambacho Wafaransa hukiita groseillier, chenye vitunda vidogo vyekundu au vyeusi vya kupikia jamu. Kwetu hakifai. Pasipo miezi ya baridi kali macho yake hayachipui vema, nasi watu wa Kisangani tunakaa karibu na ikweta, ambako joto halina likizo. Hata hivyo, shauri moja la vitabu hivyo latufaa: kabla ya kupanda, tafuta kwanza mti mama ulio mwema, ndipo uchukue tawi lake.

Sisi tunao mti wa safu. (Msomaji wa pwani asidhani kwamba nanena habari za mistari ya askari! Safu ni tunda letu la rangi ya zambarau, lenye mafuta mengi, liliwalo pamoja na chikwanga au mahindi ya kuchoma.) Desturi ya wengi ni kutupa kokwa nyuma ya nyumba na kushukuru ikiota. Lakini mche wa kokwa haufuati mama yake. Safu nono yaweza kuzaa mti wenye matunda membamba, makali. Tena iko misafu dume, itoayo maua mengi bila kuzaa, au ikazaa vitunda vichache tu.

Jirani yangu mmoja wa Mangobo, mjane mwenye watoto shuleni, alingoja miaka 7. Mti ukachanua, nyuki wakaujaa, maua yote yakapukutika. Mwaka wa 8 ikawa vivyo hivyo. Naye alikwisha hesabu kwamba makapu ya safu yatanunua madaftari. Wanawe wakanoa shoka.

Nikamwambia, “Mama, msiukate kwanza. Misafu ya ua wa pili hupata chavua kwa mti huu, nyuki ndio wachukuzi.”

Akanijibu, “Baba, mimi nikilisha nyuki, watoto wangu wale nini?”

Neno lake lilikuwa la haki. Basi tukaenda kwa mwenye ua ule, mzee mpole, tukamweleza kwamba mavuno yake yanategemea dume la jirani. Akacheka, kisha akampa mama yule ruhusa ya kuotesha mizizi juu ya matawi mawili ya msafu wake bora.

Kazi yenyewe si ngumu. Chagua tawi lenye afya, nene kuliko kidole gumba. Ondoa ganda kulizunguka, upana wa vidole vitatu, ukwangue ute wote mpaka mti mweupe. Funika jeraha kwa unga wa mbao uliooza na kulowa, uufunge kwa plastiki, ukaze juu na chini. Baada ya miezi mitatu hadi mitano mizizi huonekana. Hapo kata, uuweke mche kivulini majuma kadhaa, kisha uupande mvua zinapoanza, mita 8 au zaidi kutoka mti mwingine. Uegemeze kwenye kijiti, kwani hauna mzizi mkuu, na tufani zetu hazina huruma.

Katika kuchagua mama, usidanganywe na ukubwa wa tunda. Lipasue: nyama iwe nene na kokwa ndogo. Litie katika maji ya moto dakika chache. Lisipolainika, achana na mti huo. Uliza pia kama huzaa kila mwaka, maana iko inayozaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Mimi hupendelea mti unaochelewa kuiva, kwa sababu safu hulainika siku chache baada ya kuchumwa, na sokoni wiki zile za wingi bei huanguka vibaya.

Hata Yangambi, kituo cha kilimo kilicho upande wa magharibi wa mji wetu, ilikuwa hivyo kwa michikichi. Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 kwamba mbegu za mchikichi wenye ganda jembamba hazizai zote wa namna yake.

Miche miwili ya mjane ilizaa mwaka wa 3. Dume lingali limesimama, ingawa yeye hulitazama kwa jicho baya, na wanawe wametundika juu yake mzinga wa nyuki.