Nyumba Zimesimama, Majirani Hawapo

Mkomani, mtaa wa Lamu, nyumba haiuzwi kwa kelele. Hapatundikwi bango mlangoni. Baada ya sala ya alasiri dalali hupita na mgeni, wakaingia, wakapanda mpaka sabule, chumba cha wageni, wakatazama bahari, wakashuka. Miezi ikipita, punda huanza kuleta chokaa na boriti, na hapo ndipo mtaa mzima hujua kuwa nyumba imepata mwenyewe mwingine. Lamu tumeyaona haya kwa miongo kadhaa, kijiji jirani cha Shela kwa wingi zaidi, na kila nyumba inayokwenda huniachia huzuni ambayo ni vigumu kumweleza mtu wa nje.

Ugumu wake ni huu: hakuna kilichobomoka. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, alikuwa na magofu ya Pate mbele yake, majumba ya matajiri yaliyogeuka makao ya popo. Gofu humliza kila apitaye. Lakini nyumba iliyouzwa Lamu mara nyingi huwa nzima kuliko ya jirani yake ambayo haijauzwa. Boriti zilizooza zimebadilishwa, vidaka vya ukutani vimepigwa plasta upya, mlango wa nakshi umetiwa mafuta. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika Urithi wa Dunia, ikautaja kuwa makazi ya Waswahili yaliyo makongwe na yaliyohifadhika kuliko yote Afrika Mashariki, na yaliyobaki na kazi zake za asili. Mawe ya matumbawe yamepata watunzaji. Zile kazi za asili ndizo zinazotoka, moja moja, kila hati inapotiwa sahihi.

Nyumba ya mawe ya Kiamu haikujengwa ili iuzwe. Mzazi mwenye uwezo alimjengea binti yake, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Binti wa pili akipata nyumba ng'ambo ya uchochoro, chumba cha wikio kilivushwa juu ya njia ili ndugu na ndugu waonane bila kutoka nje. Mlangoni palikuwa na daka na viti vyake vya mawe, wanaume wakakaa kuzungumza. Ndani kabisa palikuwa pa kuzalia na pa kuoshea maiti. Ukizunguka nyumba kama hiyo, unazunguka umri wa mtu tangu mwanzo hadi mwisho.

Mbona basi zinauzwa? Wanaouza si watu wasiojali. Hebu tufanye hesabu ya mirathi. Mwanamke asiye na mume wala wazazi akifa, akaacha wana watatu wa kiume na wanne wa kike, nyumba hugawika mafungu kumi: kila mwana wa kiume mawili, kila wa kike moja. Kizazi kimoja tu kikipita, warithi wamekuwa makumi, huyu Mombasa, yule Muscat, mwingine London. Dari ya boriti na chokaa inataka fundi na fedha kila baada ya miaka, na asiyeishi humo haoni kwa nini atoe. Anayeishi humo, mara nyingi mama mjane au dada asiye na kwa kwenda, hana cha kutoa. Mvua za masika zinapita darini. Siku moja yule wa mbali anaomba fungu lake, kwa haki kabisa, na wote wanatambua kuwa njia ya kugawa ukuta ni kuugeuza fedha.

Mnunuzi naye si adui. Wengi wanazipenda nyumba hizi kwa dhati, na baadhi zingeanguka lau wasingekuja. Tangu Katiba ya mwaka 2010, asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi milele. Anaweza kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Sheria hiyo inatutuliza kwenye karatasi. Lakini miaka 99 ni vizazi vitatu au vinne. Kitukuu hatairudia nyumba ambayo hakuwahi kusimuliwa.

Wala tusililie utukufu ambao haukuwa wa wote. Majumba haya yalijengwa kwa mali ya waungwana, na mali hiyo ilitoka kwa jasho la watumwa katika mashamba ya bara na humu kisiwani. Wako Waamu ambao mababu zao walibeba mawe ya nyumba wasizoruhusiwa kulala ndani yake ila kwa utumwa. Kwa hiyo sililii ukubwa wa nyumba. Ninacholilia kilikuwa cha nyumba ya mawe na ya makuti pia: kuwako kwa jirani.

Jirani ndiye anayejua kuwa mgonjwa hakulala. Ndiye anayepokea sahani ya futari na kuirudisha na chake ndani. Akifa mtu usiku, anayegonga mlango anajua ni upi utakaofunguliwa. Mjane akikaa eda, wanawake wa mtaa hupokezana ili asikae peke yake. Mahali ambapo nyumba tatu zinazofuatana hukaliwa wakati wa msimu wa wageni tu, mambo haya hayana wa kuyafanya. Msikiti wa mtaa unabaki na safu moja alfajiri. Daka limefagiliwa vizuri, halina mtu. Mtoto anayekua hapo anajifunza kupita mbele ya milango, hajifunzi kuingia.

Hii ndiyo hasara, nayo haina thamani katika hati ya mauzo. Mwenye nyumba hulipwa kuta, dari na mandhari ya bahari. Ujirani anaouondoa haukuwa wake peke yake, na waliobaki nao hawalipwi kitu.

Dini yetu ililiona jambo hili. Mtume (s.a.w.) alieleza jinsi Jibrili alivyomuusia juu ya jirani mpaka akadhani jirani atapewa urithi. Katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata, mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya shufaa: mwenzake akimuuzia mtu wa nje fungu lake, yeye anaweza kulichukua kwa bei ileile. Jirani hana haki hiyo kisheria, lakini hakuna sheria inayomkataza muuzaji kumwuliza kwanza.

Basi kwa ndugu zangu mnaoshika hati za wazee: kabla dalali hajaitwa, kaeni kikao, hata kwa simu, na mwulize ni nani miongoni mwenu anayeweza kuyanunua mafungu ya wenzake polepole. Hakuna? Mwulizeni jirani. Naye hana? Kodisheni kwa miaka michache badala ya 99, dari itengenezwe kwa kodi. Aliye na nyumba sasa na yu hai, aiweke wakfu kwa kizazi chake ili isiuzwe na yeyote. Na ikibidi kuuza, muuzieni atakayeishi humo mwaka mzima, hata kama bei yake ni ndogo kidogo. Hicho kidogo mtakachopunguza ndicho haki ya jirani, naye anaistahili.