Vichochoro vya Chai, Mufindi hadi Tukuyu

Mafinga mwezi Julai baridi inang'ata masikio. Stendi nzima imejitanda mablanketi na makoti mazito. Mama ntilie ananimiminia chai ya tangawizi, ananipa chapati ya moto, kisha anasogeza benchi karibu na jiko la mkaa. "Kaa hapa mwanangu, upate joto." Namjibu kwa salamu ya Kihehe niliyoiokota njiani, "Kamwene!" Wateja wote wanaitikia wakicheka, na chapati ya pili inakuja bila kuagizwa.

Bodaboda inakatiza mipaina ya Sao Hill, vumbi jekundu likituingia hadi kwenye kope. Mara msitu unakoma na vilima vinavaa chai. Pembezoni mwa London, kwenye kasri la Hampton Court, watu hulipa kiingilio wazungukezunguke kati ya kuta za miti iliyonyolewa. Mufindi vichochoro vya namna hiyo vimefunika kilima baada ya kilima, na vinalisha watu.

Usidhani mchai umezaliwa mfupi. Ukiuacha, unakuwa mti wa kupandiwa kwa ngazi. Kinachoubakiza kiunoni ni mikono. Mchumaji mmoja ananionyesha: analaza ufito juu ya michai, na kilichochomoza juu yake, chipukizi na majani yake mawili, ndicho kinachoingia kapuni. Ufito unasogea, kapu linajaa, na meza ya kijani inabaki sawa.

Bonde la pili wanapogoa. Kazi hii hurudi kila baada ya miaka mitatu, minne hivi, na msimu wa baridi ndio wake, mchai ukiwa umepunguza kukua. Panga linashuka, kunabaki vijiti vitupu visivyofika pajani, na harufu ya utomvu mbichi inajaa hewani. Matawi yanaachwa chini yafunike udongo. Ukipita siku hiyo utadhani shamba limekufa. Miezi michache tu, linachipua upya.

Kosta ya kwenda Mbeya inasimama kila penye mtu na gunia. Sawa tu: dirishani wananiletea mahindi ya kuchoma, na upepo wa Makambako unapeperusha vumbi. Uyole nabadilisha gari, tunapanda kuuzunguka Mlima Rungwe, na mvua inatupokea. Tukuyu haijui kiangazi kirefu.

Huku chai ni ya wakulima wadogo, imebanana na migomba na miparachichi, kila kaya na mkato wake. Mzee mwenyeji wangu anafuta panga kwa jani la mgomba huku bibi akipakua mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, sahani imefurika.

"Kesho utanisaidia kupogoa," mzee anasema. "Kata mshazari, maji ya mvua yateleze. Ukikata bapa, yanatuama na kijiti kinaoza."

Bibi ananiongeza ndizi. "Mwache ale kwanza."