Mpaka Simu ya Muuzaji Ilie



Juma hili tunaianzia tafakari yetu dukani. Tuna deni la kuungama mbele yenu, ingawa fedha yenyewe tumekwisha kuilipa, na tunadhani wengi wenu mtajiona humo kama tulivyojiona sisi.

Jumanne jioni tuliingia katika duka moja la barabarani kununua mahitaji ya nyumbani: mafuta ya kupikia, sukari, sabuni na balbu mbili. Jumla ikawa shilingi 38,500. Hatukuwa na noti hata moja mfukoni, maana siku hizi tumezoea kutoka mikono mitupu tukiitegemea simu. Ukutani, kando ya mizani, palikuwa na kibandiko chenye Lipa Namba na ule mraba wa vidoto vyeusi na vyeupe. Tukaielekeza kamera ya simu hapo, jina la duka likajitokeza, tukaandika kiasi, tukaingiza namba ya siri. Kukawa na duara likizunguka kwenye kioo, kisha yakatokea maneno kwamba muamala unashughulikiwa.

“Tayari, mama,” tukasema, huku tukianza kukusanya mifuko.

Yule mama aliitazama simu yake ndogo ya batani iliyokuwa juu ya kaunta. Ilikuwa kimya. “Baba, kwangu bado haijaingia.”

“Kwetu imekwenda,” tukajibu, tukamwonyesha kioo cha simu yetu kwa haraka. Nyuma yetu walikuwapo watu wanne wakisubiri, na mmoja alikwisha kuguna. Mama akaitazama simu, akawatazama watu, kisha akaitazama kola yetu ya kipadre. “Basi Baba, chukua tu. Wewe huwezi kunidhulumu.”

Tukaondoka. Na hapa ndipo penye ungamo letu: tuliondoka tukiwa tumekwazika kidogo, kwamba hata sisi ameweza kutushuku.

Usiku ule, tulipotaka kununua umeme wa LUKU, tulishangaa kuona salio letu halijapungua. Ulikuwapo ujumbe uliofika dakika chache baada ya sisi kutoka dukani, nasi hatukuusoma: muamala haukufanikiwa. Mafuta yalikuwa jikoni, sukari ilikwisha kutiwa katika chai, na fedha yote ilikuwa ingali yetu. Tulitaka kumpigia yule mama, tukagundua kwamba hatuna namba yake. Tulichokuwa nacho ni Lipa Namba, na Lipa Namba haipigiki.

Asubuhi, baada ya Misa, tulirudi dukani na noti mkononi. Mama alituamkia, akazipokea, akashukuru. Katika mazungumzo ndipo tukajua kwamba duka si lake. Yeye ni mwajiriwa. Kila jioni tajiri wake hulinganisha bidhaa zilizotoka na fedha zilizoingia, na pengo lolote hukatwa katika mshahara wa muuzaji. Jioni ile alikuwa amekwenda kwa muuza nafaka wa jirani, akakopa shilingi 38,500, akaziba pengo kabla ya hesabu. Tulimwuliza kwa nini hakusema kwamba padre ndiye aliyechukua vitu bila kulipa. Akainama kidogo, akajibu, “Ningesemaje, Baba? Ningekuharibia jina, na huenda ni mtandao tu.”

Tulipokuwa tungali pale, akaja kijana wa bodaboda kununua kilo mbili za unga. Naye akalipa kwa simu, na ujumbe wake ukachelewa. Mama hakumwambia achukue tu. Aliuvuta mfuko wa unga upande wake wa kaunta, akamtaka asubiri. Kijana akasubiri, dakika kama sita hivi, huku abiria wake akimwita kutoka barabarani, mpaka simu ndogo ya batani ilipolia. Hatukuweza kumlaumu mama, kwa kuwa jana yake alikuwa amelipa kwa mkopo imani aliyotupa sisi. Lakini tuliona haya. Mtu ambaye hakulipa aliondoka na bidhaa kwa heshima ya vazi lake. Mtu aliyelipa alizuiliwa kwa kuwa hakuwa na vazi kama hilo.

Ndugu wapendwa, hatuandiki haya ili kuilaani teknolojia. Tunakumbuka tulikotoka. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka 2008 ikaanza Tanzania. Wakati ule wengi tuliiona kama njia ya mtoto aliye mjini kumtumia mzazi wake aliye kijijini. Mwaka 2013 Kenya ikapata Lipa na M-Pesa, huduma ya kulipia madukani, na kwetu Tanzania Lipa Namba zimeenea hata kwenye vibanda vya mboga. Benki Kuu ya Tanzania nayo imeweka kiwango kimoja cha ule msimbo wa mraba, kiitwacho TANQR, ili mfanyabiashara asilazimike kuupamba ukuta wake kwa kibandiko cha kila mtandao. Faida zake twazijua. Chenji haikosekani tena, wala hatupewi pipi badala ya shilingi mia. Mwenye duka harudi nyumbani usiku amebeba mauzo ya siku nzima kifuani. Kila malipo huacha kumbukumbu.

Huko Marekani njia ilikuwa nyingine. Apple Pay, iliyoanza huko mwezi Oktoba 2014, humtaka mnunuzi aisogeze simu yake karibu na mashine ya dukani. Simu haitoi namba halisi ya kadi, bali namba mbadala pamoja na msimbo wa kutumika mara moja, ili hata mwizi akiudaka usimfae kitu. Mashine iliyo mbele ya muuzaji ndiyo inayosema kama malipo yamekubaliwa au yamekataliwa, na wote wawili huliona jibu hilo hilo. Katika maduka yetu mengi ya mtaani hakuna mashine. Kuna simu ya mnunuzi na simu ya muuzaji, kila moja ikingoja ujumbe wake, na katikati yake kuna mtandao ambao siku nyingine huchoka. Kwa muda huo mfupi hapana shahidi mwingine ila neno la mnunuzi.

Nalo neno la mnunuzi, kwa bahati mbaya, limepoteza thamani. Nani kati yetu hajapata ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”? Wapo pia wanaotunga ujumbe wa malipo uliofanana na wa kweli, wakamwonyesha muuzaji kwenye kioo, wakaondoka na mzigo. Kwa hiyo muuzaji anaposema “kwangu bado haijaingia,” hatutukani. Anatuambia ukweli kuhusu simu yake. Sisi ndio tuliomjibu kwa ukweli wa simu yetu, tena ukweli ambao hatukuwa tumeusoma hadi mwisho, kwa maana neno “unashughulikiwa” si sawa na neno “umekamilika.”

Sheria ya Musa iliagiza kwamba kibarua maskini apewe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa sababu ndiyo tegemeo lake. Tumeitafakari sana amri hiyo juma hili. Haihesabu saa ambayo tajiri aliamua moyoni kulipa, wala saa aliyofungua mfuko wake. Inahesabu saa ambayo maskini amekipokea kilicho chake. Sisi Jumanne tulikuwa tumekwisha kulipa moyoni, na tulikuwa tumelipa hata kwa kidole. Hata hivyo, jua lilimtulia yule mama akiwa mikono mitupu.

Basi tunaomba mambo machache, nasi tumeanza kujibana nayo wenyewe kwanza. Tunapolipa kwa simu, tusichukue mfuko kabla simu ya muuzaji haijalia, hata kama foleni inaguna. Tusome jina la duka kabla ya kuingiza namba ya siri, na tusome ujumbe wote baada yake. Mtandao ukichelewa, tuwe wa kwanza kusema, “Mama, tutasubiri,” ili yeye asilazimike kutuambia. Kama hatuwezi kusubiri, tuache bidhaa hapo hapo, au tuache namba yetu ya simu, apate kutupata. Pasipo na Lipa Namba, na muuzaji akatuomba tumtumie katika namba yake binafsi pamoja na “ya kutolea,” tusianze kubishana naye kama mwizi. Yeye akienda kwa wakala kuitoa fedha ile atakatwa, na faida yake katika kilo moja ya sukari pengine haifiki makato hayo. Na tuweke noti kidogo mfukoni kwa siku ambayo mtandao haupo.

Nanyi wenye maduka, tunawasihi kwa upole. Kanuni iwe moja kwa wote. Kama padre anaaminiwa, na kijana wa bodaboda aaminiwe. Kama kijana anasubirishwa, na padre asubirishwe. Tena, pengo lililoletwa na mtandao au na mteja asiye makini si haki kulikata katika mshahara wa binti au mama mliyemweka kaunta. Yeye hakula sukari ile. Tuliila sisi.

Jumamosi tulipita tena katika duka lile tukanunua kiberiti na majani ya chai. Tukalipa kwa simu. Mama akatabasamu, akasema, “Chukua tu, Baba, nakujua sasa.” Tukamwomba atuache tusubiri. Tukasimama kando ya kaunta, nyuma ya mtoto aliyetumwa chumvi na mzee aliyekuja kununua mafuta ya taa, mpaka simu ile ndogo ilipolia.